Saa Tatu kwenye Mtaro wa Mashariki

Jumanne, tarehe kumi na nne Machi, saa tatu asubuhi, nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwenye kijiko cha katapila, katika bustani ya mashariki ya jumba moja la kale lililo ng'ambo kidogo ya Woolwich. Nilikuwa nimevaa kofia ngumu iliyonipwaya na koti la rangi ya limau lililonifika magotini, na nilikuwa na furaha isiyonikaa mwilini. Ilikuwa siku yangu ya kwanza ya kazi. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na saba, shahada ya akiolojia niliyoipata nyumbani nikiwa binti, na miaka sita ya kuwaosha na kuwavisha wazee katika nyumba ya kulelea hapa Landani. Shahada ile ilikuwa imekaa kabatini muda mrefu hata nikaanza kuiona kama nguo ya mtu mwingine. Asubuhi ile niliivaa, nayo ikanienea.

Kwa vijana wasiowahi kuiona kazi hii, yafaa niieleze. Katika nchi hii mwenye nyumba ya kihistoria hajijengei apendavyo. Akitaka kuongeza hata choo, huomba kibali cha halmashauri, na mara nyingi kibali huja na sharti kwamba ardhi isichimbwe bila mwanaakiolojia kuwepo. Mwanaakiolojia huyo hachimbi, hutazama. Katapila linapobandua udongo, yeye husimama ukingoni na kuusoma, na akiona dalili ya mkono wa binadamu wa zamani, huinua mkono wake na mashine husimama. Wenzangu wa nyumba ya kulelea walicheka sana nilipowaeleza. "Yaani wanakulipa kwa kutazama watu wakichimba? Mwanaidi, hiyo kazi hata mama mkwe wangu angeiweza." Kutazama kwenyewe lakini ni kazi kubwa. Udongo hausemi mara mbili: ukishabanduliwa na kumwagwa kwenye rundo, hakuna mtu atakayejua ulikuwa juu ya nini wala chini ya nini.

Jumba lilikuwa la matofali mekundu, la ghorofa tatu, na mwenyewe alitaka kuligeuza kuwa ukumbi wa harusi. Harusi zina wageni, wageni hula, na jiko jipya lilihitaji bomba la majitaka. Bomba hilo ndilo lililoleta mtaro wetu. Ilijulikana kutoka kwenye ramani kwamba kabla ya jumba lile palikuwa na nyumba nyingine, ya kale zaidi, lakini hakuna aliyejua ilisimama wapi. Waliobobea walisema upande wa magharibi, na ndiyo sababu bomba lilipitishwa mashariki, penye usalama, na ndiyo sababu, nadhani, mgeni kama mimi alipelekwa huko peke yake.

Msimamizi wa Ujenzi alinipokea langoni. Alikuwa mtu mfupi, mwekundu wa uso, asiyeachana na chupa yake ya chai.

"Wewe ndiye wa vigae na mifupa?" akaniuliza.

"Ndiye mimi."

"Basi tuelewane. Ukiona kikombe kilichovunjika, usinisimamishie kazi. Ukimwona mfalme, nisimamishie."

Akanisomea masharti ya usalama kwa pumzi moja, akaingia garini na kwenda kwenye kazi yake nyingine upande wa pili wa mto. Hakurudi hadi kesho yake.

Nilimwendea dereva wa katapila. Katapila huja na vijiko vya aina mbili. Kimoja kina meno, nacho hurarua ardhi haraka. Cha pili hakina meno, kipana, chenye ukingo ulionyooka, nacho hukwangua udongo taratibu kama mtu anayekwangua ukoko wa wali bila kutaka kuumiza sufuria. Sisi hukubali hicho cha pili tu. Yeye alikuwa amefunga cha meno. Nikamwomba kwa Kiingereza changu cha heshima akibadilishe. Naye, akidhani hakuna wa kumwelewa, akaguna kwa Kiswahili juu ya kiti chake: "Yesu wangu! Huyu mama anafika leo tu, tayari anataka kunifundisha mashine!"

"Sikufundishi, baba," nikamjibu. "Nakuomba tu umng'oe meno. Nataka kibogoyo."

Injini ikazimwa. Akashuka, akanizunguka kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani, kisha akapiga kofi moja na kucheka hadi akashika tairi.

"Kibogoyo! Mama, weye ni wa wapi?"

"Tanga."

"Njo maana! Unaongea sawa radio."

"Na wewe?"

"Bukavu. Lakini sasa hivi, Plumstead."

Jina lake lilikuwa Bahati, ila kila mtu alimwita Baba Furaha, kwa jina la binti yake. Alikuwa amefika nchi hii kama mkimbizi, akafagia ofisi kwa miaka, akajilipia mafunzo ya katapila, akafaulu mtihani wake mara ya tatu. Hayo aliniambia huku akifunga kijiko kibogoyo, nami nikamwambia ya kwangu, na kwa mara ya kwanza tangu nishuke uwanja wa ndege nikajikuta niko kazini, kazi ya usomi wangu, nikizungumza Kiswahili kama niko barazani kwetu.

"Tunaanza saa ngapi?" akauliza.

"Saa tatu kamili."

Nikatoa fomu ya zamu. Fomu hiyo ndiyo uti wa mgongo wa kazi yetu. Ina safu ya saa, safu ya mahali, safu ya kilichotokea, kisanduku cha jina la aliyegundua, na chini kabisa sahihi. Huandikwa kwa penseli, kwa sababu mvua ya Landani haina urafiki na wino. Nikaandika: 3:00, mtaro wa mashariki, katapila limeanza.

Msomaji wangu wa Kiswahili ataisoma sentensi hiyo bila kuona dosari yoyote. Hata mimi sikuiona.

Udongo wa kwanza kutoka ulikuwa wa bustani, mweusi, umejaa mizizi na vigololi vya watoto waliokwisha kuwa mababu. Chini yake ukaja wa kahawia uliochanganyika na vipande vya matofali, yaani kifusi kilichomwagwa kusawazisha ardhi. Chini yake nilitegemea udongo asili, ule ambao haujaguswa na mtu tangu dunia iumbwe; pale ungekuwa mchanga wa njano wenye kokoto. Ukishafika udongo asili, mwanaakiolojia hushusha pumzi, maana hakuna kitu tena. Baba Furaha alikwangua kwa ustadi, kidole kwa kidole. Nilikuwa nikitembea naye, macho kwenye ukingo wa kijiko.

Kisha ikasikika sauti. Haikuwa kubwa, ilikuwa kama sahani kugongana ndani ya beseni la maji. Katapila likasimama. Mkono wangu ulikuwa juu. Nikarukia mtaroni bila kukumbuka ngazi.

Vigae vitatu vilikuwa vimevunjika. Pembeni yake, nilipopangusa kwa mwiko mdogo wa mwashi, kikatokea cha nne, kizima, cha kijani kilichong'aa kama jani la mgomba baada ya mvua. Nikapangusa tena. Cha njano. Nikapangusa tena. Kijani. Vilikuwa vimepangwa kwa zamu, kijani na njano, mfano wa ubao wa drafti, navyo vikaingia chini ya ukuta wa mtaro kwa kila upande, kana kwamba vinatualika tuvifuate. Ilikuwa sakafu. Chumba cha mtu. Nyumba ya kale ambayo wataalamu waliiweka magharibi ilikuwa imelala hapa, chini ya buti zangu.

"Mama!" Baba Furaha aliita kutoka juu. "Ni mfalme?"

"Si mfalme. Ni jamvi lake!"

"Basi toka na viatu juu ya jamvi la watu!"

Nilicheka mpaka machozi. Nikavua buti, naapa, nikabaki na soksi mtaroni katika baridi ya Machi. Nikaandika kwenye fomu: 3:20, sakafu ya vigae imeonekana, vitatu vimevunjika, nimesimamisha katapila. Nikasimamisha fito ya vipimo, ile yenye rangi nyekundu na nyeupe, nikaweka mshale wa kaskazini, nikapiga picha. Wakati huo tulitumia kamera za filamu, kwa kuwa hifadhi za kumbukumbu hazikuziamini bado za kidijitali. 4:10, picha zimekamilika, sakafu imefunikwa kwa turubai. Baba Furaha akaliegesha katapila na kusaini karatasi yake ya mashine.

Mchana nikahamia mbele ya jumba, ambako wanaume wawili Waingereza walikuwa wakichimba kwa sepetu shimo la nguzo za lango. Tulizungumza Kiingereza, tukanywa chai kwa Kiingereza, na kwenye fomu ya pili nikaandika, bila kufikiri, kwa saa za Kiingereza: 1:00, shimo la lango, hakuna kitu. 2:30, shimo limefika udongo asili.

Siku tatu zilizofuata sitazisahau. Asubuhi ya Jumatano alikuja Meneja wa Mradi, bosi wangu, mwanamke mrefu wa kaskazini mwa Uingereza ambaye sifa kubwa kinywani mwake ilikuwa neno "inafaa." Alitazama sakafu kwa muda mrefu akasema, "Inafaa sana." Mshauri wa Akiolojia wa halmashauri, mzee wa suti na tai, alipiga magoti kwenye tope na kusahau kwamba ana suti. Mtaro ulipanuliwa, vigae vizima vikahesabika arobaini na vinane, bomba likaelekezwa kwingine. Mimi nilipewa kuchora sakafu yote kwa mkono, kigae kwa kigae, na usiku nilipofumba macho niliona kijani na njano. Baba Furaha hakuwepo tena. Katapila halikuhitajika, nikadhani amepelekwa kwingine. Wiki iliyofuata nami nikahamishiwa nyumba ya shamba karibu na Rayners Lane, kutazama msingi wa banda.

Jumamosi moja, yapata wiki nne baadaye, nilikuwa sokoni Woolwich nikichagua ndizi za kupika. Mtu akasema nyuma yangu, "Radio Tanga!" Nikageuka kwa kicheko. Yeye hakucheka.

"Mama, uliniua."

"Nimekuua vipi, Baba Furaha?"

"Banasema nilichimba weye hauko. Banasema nilivunja bile bigae peke yangu, nikafunika, weye ukafika nyuma ukabiona. Sina kazi. Wiki mbili sina kazi."

"Nani amesema hivyo? Nilikuwa pale! Niliandika!"

"Karatasi yako njo inasema!" Watu wakageuka kututazama. Akapunguza sauti, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Yangu inasema nilianza tisa yao, ya asubuhi. Yako inasema weye ulifika pale tatu yao, mchana. Bakanionyesha bizo karatasi mbili. Nikabaambia, muulize Mama. Bakasema, Mama ameisha andika."

Muuza ndizi akaniuliza kama nachukua au sichukui. Nikazirudisha ndizi kwenye fungu. Nilikuwa nimeiona ile fomu akilini mwangu, 3:00, 3:20, 4:10, mwandiko wangu mzuri wa shule ya misheni, na nilikuwa nimeelewa.

Sisi na Baba Furaha tulikubaliana saa tatu, na saa tatu ilikuwa saa tatu: saa ya tatu tangu jua kuchomoza. Mkono uliandika kile ambacho kinywa kilisema. Mchana ulimi uliporudi kwenye Kiingereza, saa nazo zikarudi. Fomu zilipofika ofisini, mwenzetu aliyezichapa alizipanga kwa mfuatano wa saa kama alivyofundishwa: saa saba na saa nane na nusu za lango mbele, na mtaro wa mashariki nyuma, saa tisa alasiri. Asubuhi yangu ikabaki tupu. Ikadhaniwa kwamba niliimaliza kwenye mafunzo ya usalama. Halmashauri ilipouliza vile vigae vitatu vilivunjikaje, kampuni ya ujenzi iliogopa kibali chake, ikaweka karatasi mbili pamoja, na karatasi zikamtoa mtu mmoja.

"Nitarekebisha," nikamwambia.

"Lini?"

"Jumatatu."

Sikurekebisha Jumatatu. Nawaandikia vijana, na vijana wana haki ya kujua hili. Nilikuwa katika miezi mitatu ya majaribio, na mkataba ulisema wazi kwamba kosa kubwa la kumbukumbu latosha kumwondoa mtu. Jumatatu nilijiambia nitangoja Meneja atulie. Jumanne nilijiambia nitatafuta kwanza ushahidi. Jumatano niliamka alfajiri na mikono yangu ikakumbuka kazi ya zamani: maji ya uvuguvugu, sabuni, mgongo wa mzee. Haikuwa kazi ya aibu. Niliwapenda wale wazee. Ila nilikuwa nimeona sakafu ile, na nilijua nikirudi sitatoka tena. Mizani yangu ilikuwa hivyo, kazi yangu upande huu na kazi ya Baba Furaha upande ule, na nilikaa siku nne nikiitazama kana kwamba ingeweza kuegemea yenyewe.

Ijumaa nilibisha mlango wa Meneja.

"Tatu ni tatu," alisema, baada ya kunisikiliza.

"Kwetu tatu ni tisa."

Akaweka kalamu chini. "Eleza tena."

"Siku yetu huanza jua linapochomoza. Saa moja baadaye ndiyo saa moja."

"Kwa hiyo saa yako ya ukutani nyumbani ni..."

"Ni kama yako. Tunaisoma upande wa pili."

Alinitazama kwa namna ambayo sikujua kama ni hasira au ni kicheko kilichozuiwa. "Watu milioni ngapi hufanya hivyo?"

"Wengi kuliko wanaofanya kama nyinyi katika nchi hii."

"Inafaa," akasema polepole. "Inaaminika. Lakini kampuni ile haitaniamini mimi wala wewe. Thibitisha."

Hapo ndipo akiolojia iliponiokoa, na hata leo nikisimulia damu inanichemka. Nilimwomba picha za siku ile. Zilikuwa zimesafishwa siku mbili kabla, nyeusi na nyeupe, bado zina harufu ya dawa. Tukazipanga mezani. Sakafu, fito, mshale wa kaskazini. Nilikuwa nikitafuta saa, na saa haikuandikwa popote. Nikainama zaidi. Kisha nikaiona, imelala juu ya vigae, nyembamba, nyeusi, dhahiri kuliko mwandiko wangu.

"Kivuli!" nilipiga kelele, na mtu wa chumba cha pili akachungulia.

Kivuli cha fito kilielekea kaskazini magharibi. Mshale wa kaskazini ulikuwa pale pale kando yake. Hapakuwa na ubishi. Jua lililokuwa bado upande wa mashariki lilikisukuma magharibi. Ingekuwa alasiri, kingelala upande wa pili. Meneja akachukua rula na kipimapembe, mimi nikashika picha isitikisike, akapima, akafungua jedwali la jua la mwezi Machi, akapiga hesabu, akapiga tena. Picha ilipigwa baada kidogo ya saa nne asubuhi. 4:10, kama nilivyoandika, kwa saa za nyumbani kwetu.

"Inafaa sana," akasema. Kisha akakaa. "Picha itamtoa dereva lawamani. Lakini barua itoke kwako, kwa jina lako, na nakala iende kwa Mshauri. Unajua uko kwenye majaribio?"

"Najua."

"Siwezi kukuahidi chochote."

"Najua."

"Kwenye fomu hiyo kuna kitu kingine kisicho sahihi?"

Niliivuta fomu karibu. "Nitaisoma tena," nikasema.

Yaliyofuata nayasema kwa ufupi. Baba Furaha alirudishiwa kazi yake na kuombwa radhi. Mimi niliongezewa miezi mingine mitatu ya majaribio, na nikavuka. Nilifanya kazi hii miaka kumi na tisa. Nimesimama kwenye sakafu za makanisa, kwenye mazizi ya farasi, chini ya majukwaa ya reli, na katika nyumba kubwa za mashambani ambazo mji umezimeza hadi zimebaki na bustani tu. Nilianza mtazamaji, nikawa Afisa Mwandamizi, kisha Meneja wa Mradi, kwenye meza ile ile yenye kipimapembe. Nimestaafu mwaka huu, nikiwa na miaka hamsini na sita, kwa sababu magoti yameomba ruhusa kabla yangu.

Vijana wengi wa kwetu hapa Landani huniuliza kama kazi hii yafaa kwa mtu wa kwetu. Huwajibu kwamba inafaa sana. Watu wa kwetu tunajua kutazama. Tumelelewa kutazama chai isimwagike, mtoto asianguke, mgeni asiondoke na njaa. Ila nawaonya kwamba macho ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni maandishi, na maandishi hubaki wakati aliyeyaandika ameshakwenda nyumbani. Fomu ya zamu huwekwa katika hifadhi ya kudumu. Atakayeisoma hatanijua, hatajua kwamba nilikuwa na furaha kiasi cha kuvua buti, hatajua nilikuwa nikizungumza lugha gani. Atajua nilichoandika tu.

Barua ile niliiandika kwa Kiingereza, mara tano, na nakala yake ninayo. Naitafsiri hapa kama nilivyoituma.

*Tarehe ishirini na moja Aprili*

*Kwa Mkurugenzi, Kampuni ya Ujenzi*
*Nakala: Mshauri wa Akiolojia wa Halmashauri*

*Mheshimiwa,*

*Naandika kusahihisha fomu yangu ya zamu ya tarehe kumi na nne Machi, mtaro wa mashariki. Saa nilizoandika humo, 3:00, 3:20 na 4:10, ni saa za Kiswahili, zinazohesabiwa tangu kuchomoza kwa jua. Kwa saa zenu ni tisa kamili, tisa na dakika ishirini, na kumi na dakika kumi, zote za asubuhi. Naambatanisha picha ya siku ile pamoja na hesabu ya kivuli, iliyokaguliwa na Meneja wangu. Nilikuwepo mtaroni tangu katapila lilipoanza hadi liliposimama. Dereva, Bwana Bahati, hakuchimba hata dakika moja bila mimi. Kosa ni langu peke yangu, na nasikitika kwamba nilichelewa siku nne za kazi kulisema baada ya kulijua.*

*Katika kuisoma fomu upya nimekuta kosa la pili, ambalo hakuna aliyeniuliza. Niliandika, "nimesimamisha katapila." Si kweli. Mimi nilikuwa nikitazama ukingo wa kijiko na sikuwa nimeona kitu. Bwana Bahati aliuhisi ugumu wa sakafu kupitia usukani wa kijiko, akasimama mwenyewe. Mkono wangu ulipopanda, kijiko kilikuwa kimeshatulia. Vigae vilivyovunjika ni vitatu. Vilivyobaki vizima ni arobaini na vinane, na vilibaki kwa sababu ya mkono wake, si kwa sababu ya jicho langu.*

*Naomba fomu ya awali isichanwe wala isifutwe kwa raba. Makosa yapigwe mstari mmoja, yaendelee kusomeka, na barua hii ihifadhiwe pamoja nayo. Katika kisanduku cha mwisho, panapoulizwa nani aliyegundua, niliandika jina langu. Nalo lipigwe mstari, na juu yake liandikwe jina la Bwana Bahati, dereva.*